Kutoka Lukemia Hadi Ini

Msikilizaji, kila Julai 28 dunia huadhimisha Siku ya Homa ya Ini. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Baruch Blumberg, mtafiti aliyegundua virusi vya homa ya ini B, jijini New York, mwaka 1925. Leo nataka tuipitie orodha ya machapisho yake, maana siku hizi mtafiti akiomba cheo au fedha, swali la kwanza ni makala ngapi ameandika. Kwa Blumberg, kuhesabu hakukuambii kitu. Orodha yake inasomwa kwa mfuatano.

Tuanzie 1965. Yeye, Harvey Alter na mwenzao mmoja wanachapisha taarifa ya antijeni mpya waliyoikuta katika damu ya wagonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu. Wala Blumberg hakuwa akitafuta saratani. Alitaka kujua damu za watu zinatofautianaje, na kwa nini ugonjwa humwangusha huyu ukamwacha yule. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono: unamimina jeli kwenye kioo, unatoboa vishimo, katikati unatia seramu ya mtu aliyeongezewa damu mara nyingi, pembeni seramu za watu wa pande mbalimbali za dunia, halafu unasubiri. Kingamwili ikikutana na kitu inachokitambua kuwa kigeni, yaani antijeni, unajichora mstari mwembamba mweupe. Seramu ya mgonjwa mmoja wa New York, mwenye hemofilia, ilipambanishwa na nyingine 24. Mstari ukatokea kwa moja tu, ya mwenyeji wa asili wa Australia. New York na Australia, wapi na wapi?

Walipoendelea kupima, Wamarekani wenye afya karibu wote hawakuwa na antijeni hiyo, ila kwa wagonjwa wa lukemia ilijitokeza tena na tena. Wakadhani ni kitu cha kurithi kinachoandamana na hatari ya lukemia. Haikuwa hivyo. Wagonjwa wale walikuwa wakiongezewa damu, na ndani ya damu hiyo ndimo kilimopitia.

Lakini dhana hiyo potofu ndiyo iliyowavusha. Watoto wenye hali ya Down hupata lukemia zaidi ya wengine, kwa hiyo wakawapima, wakaikuta kwa wingi, hasa kwa wale waliolelewa katika taasisi zenye msongamano. Mmoja alipimwa hana, akaja kupimwa tena anayo. Cha kurithi hakiji ukubwani! Wakamchunguza, wakakuta ana homa ya ini. Mwaka 1967 mtaalamu wa maabara yao ya Philadelphia, Barbara Werner, akajisikia vibaya, akaipima damu yake mwenyewe. Mstari ukaonekana, hafifu. Alikuwa na homa ya ini, na akapona. Mwaka huohuo ikatoka makala iliyotaja katika kichwa chake Down, lukemia na homa ya ini kwa pamoja. Wengi waliipokea kwa shaka, kwani waliokwisha kudai wamekipata chanzo cha homa ya ini walikuwa wengi. Ikabidi watafiti wengine, Okochi wa Tokyo na Prince wa New York, wapime wenyewe ndipo watu wakaamini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Benki za damu zikaanza kupima damu. Mwaka 1969 Blumberg na Irving Millman wakaombea hataza chanjo iliyotokana na damu ya watu wenye virusi vya homa ya ini B, ambavyo antijeni ile ni sehemu yake, na 1981 Marekani ikaruhusu chanjo ya aina hiyo itumike. Nobeli alishaipata 1976.

Mimi makala ninayoipenda zaidi ni ya mwaka huohuo wa 1976, kuhusu wagonjwa wa saratani ya ini nchini Senegal. Walipimwa wao, wakapimwa na jamaa zao, na mama zao wakakutwa na virusi mara nyingi kuliko mama wa wasio na saratani, ishara kwamba huenda virusi vilitoka kwa mama. Miongoni mwa waandishi, pamoja na Blumberg, yumo Barbara Werner, yule yule. Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga kitaifa dhidi ya homa ya ini B, na mwaka 1997 watafiti wake wakaripoti kwamba saratani ya ini kwa watoto imepungua karibu nusu.

Sasa fungua kadi ya kliniki ya mwanao. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya ile ya Penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa mama mwenye virusi huambukizwa zaidi wakati wa kuzaliwa, na wiki sita kwake ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 2009 kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza. Nchi nyingi za Afrika bado hazijaifikisha dozi hiyo wodini, nasi tunaendelea kuwauliza watafiti wetu wameandika makala ngapi mwaka huu. Mimi ningewauliza wizarani: ile ya Senegal mliisoma?