Kodi isiyouliza gharama

Mtu wa Mushaki, Kivu Kaskazini, anayenunua fromaji kwa wafugaji na kuiteremsha Goma kwa pikipiki hana bosi wala mhasibu. Sheria ya Kongo ya Februari 2013 ilimweka kwenye biashara ndogo. Mauzo yasipozidi faranga milioni 10 kwa mwaka, alitakiwa kulipa 50,000, basi. Yakizidi hapo hadi milioni 80, alitakiwa kulipa asilimia 1 ya mauzo ya bidhaa, au 2 kwa huduma.

Ilikuwa rahisi, kweli. Lakini kodi hiyo ilipima mauzo, si faida. Esansi, chumvi, fromaji iliyoharibika pikipiki ilipokwama kwenye matope: hakuna kilichotolewa kwanza. Kampuni kubwa yenye vitabu vya hesabu hutoa gharama zake ndipo faida itozwe.

Na bariera za barabarani, ambako hulipa ili apite, je? Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu 798 katika Kivu Kaskazini na Kusini. Waasi wa M23 waliingia Mushaki Februari 2023. Mwenye kushika barabara hubadilika, kulipa hakubadiliki. Na hata ukipewa risiti pale kwenye bariera, kwa sheria ile ya 2013 kiasi hicho hakikupunguzwa kwenye hesabu yako ya kodi.