Taa nyekundu ya betri inapowaka

Leo tunazungumza nawe dereva, na wewe kijana unayejifunza ufundi wa magari.

Ni usiku. Umembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, hospitali bado mbali. Kwenye dashibodi inawaka taa nyekundu yenye picha ya betri. Ujue alteneta, ambayo wengine huiita dinamo, haichaji. Gari linakula akiba ya betri tu.

Zima redio, feni na kila kisichohitajika. Taa za mbele ziache. Usizime injini mpaka mfike, maana huenda isiwake tena. Lakini joto la injini likipanda, simama na uizime: katika magari mengi mkanda unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji.

Mkishafika salama, usikimbilie kununua betri. Betri mpya haiponyi alteneta mbovu. Itaisha nayo, na pesa yako imekwenda. Kagua hatua kwa hatua.

Kwanza, zima injini, chomoa ufunguo, kisha tazama mkanda. Umekatika? Umelegea? Umelowa mafuta?

Pili, tazama vichwa vya betri. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visafishe na kuvikaza. Ukifungua, anza na waya wa hasi. Kagua pia fyuzi, na waya zinazokwenda kwenye alteneta.

Tatu, azima mita. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa injini: katika magari mengi mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, alteneta haichaji. Ikipita 15, regeleta imeharibika na itaiua betri.

Nne, kama mkanda na waya ni vizima, alteneta ifunguliwe. Mara nyingi kaboni zake ndizo zimeisha, na fundi huweza kuzibadilisha bila wewe kununua alteneta nzima.

Onyo: usichomoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti unapima. Umeme hupanda ghafla na kuunguza dayodi. Wala usivute sigara karibu na betri. Hewa yake hulipuka.

Kabla ya kila safari, zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya betri iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, itengeneze, kwa sababu siku ya hatari haitakuonya.

Safari njema, ndugu msikilizaji.