Hotuba Juu ya Utunzaji wa Matangi ya Maji Machafu Majumbani



Kwa niaba ya halmashauri yetu ya afya twatoa shukrani kwa kupewa nafasi hii. Jambo tutakalolisema halipendezi kutajwa barazani, lakini lahusu maji tunayoyanywa, na kulinyamazia ni hatari.

Wengi wetu hapa Pwani tumejenga nyumba zenye vyoo vya maji na tangi chini ya ardhi. Hudhaniwa kwamba kitu kikishaingia tangini kimekwisha. Sivyo. Uchafu mzito hutuama chini ukawa tope, mafuta huelea juu yakafanya utando, na vijidudu huula sehemu yake. Maji ya katikati ndiyo huenda shimo la pili, yakanywewa na ardhi. Tope lisiloliwa hubaki na kuongezeka. Lisipoondolewa hufuata maji hayo, likaziba shimo la pili. Ndipo choo kinaporudisha maji na ua kunuka.

Nao ubaya hauishii uani. Ardhi yetu ina mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu, na maji machafu hupita humo upesi kabla ya kuchujika, yakafika kisimani kwa jirani. Kwa njia hiyo huenea homa ya matumbo na kipindupindu, maradhi yaliyozuka tena nchini Kenya mwezi wa Oktoba, 2022 na hadi leo hayajasahauliwa.

Basi twashauri mambo manne.

Kwanza, tangi likaguliwe kila mwaka, na tope liondolewe kabla tope na utando havijajaza theluthi ya tangi. Kwa nyumba nyingi huwa ni kila miaka 3 hadi 5.

Pili, tusitie chooni matambara, nepi, majivu wala mafuta ya kupikia. Dawa kali za kusafishia zikizidi huua vijidudu vinavyotufanyia kazi.

Tatu, maji ya mvua yatokayo paani yasielekezwe tangini, kwani huvuruga tope na kulisukuma nje.

Nne, shimo la pili lisichimbwe karibu na kisima. Wengi hushika kanuni ya mita 30. Kwetu, kwa ajili ya nyufa za mawe, umbali zaidi ni bora, na maji ya kisima yachemshwe kabla ya kunywewa.

Tena twaonya kwa nguvu: mtu yeyote asiingie tangini, hata likiwa tupu. Hewa ya sumu iliyomo huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa mwenziwe hufa naye. Mfuniko uwe mzito, watoto wasiweze kuufunua.

Twajua kwamba gharama ya lori la kunyonya uchafu ni mzigo kwa wajane na wazee. Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili: kila nyumba iandikishe katika daftari la chama tarehe ya mwisho ya kuondoa tope, na nyumba za mtaa mmoja ziite lori siku moja na kugawana gharama, chama kikiwasaidia wasiojiweza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye tangi bovu huchelewa kuumia. Jirani yake ndiye hutangulia.