Udongo Mchachu wa Uluguru na Msitu Unaoishi Juu Yake
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mgeni anayefika mjini Morogoro na kuinua macho kuelekea kilele cha Lupanga huuona msitu mzito, naye hukata shauri mara moja kwamba ardhi inayobeba miti mikubwa namna ile haina budi kuwa na rutuba tele. Fikira hiyo imewaponza wakulima wengi, na wataalamu pia. Udongo wa juu milimani Uluguru, hasa upande wa mashariki, ni mchachu na maskini. Msitu umeweza kusimama juu yake kwa kuwa wenyewe hautupi kitu.

Asili ya jambo hili ni mawe na mvua. Miamba ya Uluguru ni ya kale mno, na pepo za Bahari ya Hindi huleta mvua ambayo upande wa mashariki hupita milimita 2,500 kwa mwaka mahali pengi. Maji hayo, kwa maelfu ya miaka, yameosha chokaa, potasiamu na magnesiamu, yakabakiza chuma na alumini. Chuma ndicho kiupacho udongo wekundu wake. Alumini ni adui wa siri: udongo ukiwa mchachu huyeyuka, hudumaza mizizi, na fosforasi hufungwa mmea usiweze kuifikia. Kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo katikati, udongo wa namna hii aghalabu huwa chini ya 5.

Basi msitu hula nini? Hula majani yake wenyewe. Majani, matawi na magogo yaangukayo huoza yakawa mboji, na mizizi midogo iliyotanda katika tabaka hilo jembamba, ikisaidiwa na nyuzi za kuvu, huvinyonya virutubisho kabla mvua haijavichukua. Hali hii haiko Uluguru peke yake. Katika Black Forest, kule Ujerumani, miti ya jamii ya misonobari yenye majani kama sindano hustawi juu ya udongo mchachu wa mawe ya itale. Tofauti ni kwamba kule baridi huchelewesha kuoza, na majani hurundikana. Huku kwenye joto la miteremko ya chini huoza upesi, na akiba iliyo juu ya ardhi ni ndogo. Uluguru nayo ina ndugu wa misonobari aliye mwenyeji, yaani mpodo, aotaye kwenye misitu ya juu. Huko huko huota mkulo, ambao huchipua zaidi kutoka mizizini kuliko kwenye mbegu.

Juu zaidi, kwenye migongo ya milima kama Bondwa, miti hupungua kimo na kufunikwa na mimea midogo kama manyoya yaliyolowa. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliipima mimea hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Katika msitu mfupi wa mawinguni alipata kiasi cha tani 14 kwa hekta, baada ya kukaushwa. Katika msitu wa chini zaidi, tani 2 tu. Sifongo hiyo hunasa ukungu na mvua na kuyaachia maji polepole kuelekea mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam.

Serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko, lakini haikuuelewa udongo. Mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliwashurutisha wananchi kukata miteremko kuwa ngazi pana. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya haki. Hata hivyo jembe lililokata ngazi lilifukia mboji na kuleta juu udongo wa chini usio na kitu. Mwezi wa Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi za polisi, na mpango ukaachwa. Ajabu ni kwamba wakulima wa Mgeta walikuwa na matuta yao wenyewe, ambayo magugu na mabua hulazwa kwa mstari na kufunikwa kwa udongo uvutwao kutoka juu. Tuta la namna hiyo huirudisha mboji shambani, kama msitu ufanyavyo.

Shamba jipya lililofyekwa na kuchomwa hutoa mavuno mema misimu michache, kwa kuwa majivu hupunguza uchachu. Kisha mvua huyaosha, kangaga hutawala, na mkulima hutamani kupanda juu zaidi. Lakini juu hakuna nafasi tena. Hifadhi zilizowekewa mipaka na Wajerumani mwaka 1909 ziliunganishwa mwaka 2008 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye hekta zaidi ya 24,000, pamoja na pengo la Bunduki lililokuwa limezitenga kaskazini na kusini.

Kwa hiyo kazi iko katika mashamba yaliyopo, na hapo orodha ya mbolea anayoiandika katibu ina uzito. Mbolea ya SA huongeza uchachu kila inapotiwa. Kuiagiza mwaka hadi mwaka kwa mashamba ya milimani ni kununua hasara kwa fedha za wanachama. CAN ni afadhali. Fosfati ya Minjingu, ichimbwayo mkoani Manyara, huyeyuka vizuri zaidi hasa penye udongo mchachu, na chokaa hupunguza sumu ya alumini. Samadi na mabua yasichomwe.

Kabla ya kuagiza, udongo upimwe. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko chini ya mlima huu huu. Udongo uchukuliwe mahali mbalimbali katika shamba moja, kina cha sentimita 20, uchanganywe katika ndoo safi, uanikwe kivulini, na nusu kilo itiwe mfukoni pamoja na jina la kijiji, la shamba na la zao. Shamba la bondeni na la mteremkoni yasichanganywe katika mfuko mmoja.