Tusiwashe Moto Tusioweza Kuuzima

Kina mama wa vikundi, wazee wetu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, sogeeni kivulini. Leo hatuongei habari ya mbuzi wa maziwa wala ya mchango wa mwezi. Mwezi wa kwanza na wa pili nyasi hukauka, na moshi huonekana upande wa Lambwe na kwenye vilima vya Gwasi. Basi tuongee moto.

Radi huwasha mara moja moja, lakini moto mwingi ni wetu sisi. Mmoja anachoma nyasi ng'ombe wapate majani mabichi na kupe wafe. Mwingine anachoma mabua asisumbuke kulima. Mwingine ameacha tanuru la makaa likiwaka peke yake, au anafukuza nyuki apate asali. Hata ule moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, wakuu wa hifadhi walisema ulianza watu walipokuwa wakipasha chakula. Chakula tu!

Na sisi tuna kosa la kuungama. Mwaka mmoja tulisafisha shamba la kikundi, tukarundika mabua, tukawasha saa nane mchana. Hiyo ndiyo saa mbaya. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri hupata nguvu. Usiku hugeuka kurudi ziwani. Wavuvi wetu wanaujua upepo huo vizuri, lakini siku hiyo tulikuwa na haraka. Moto uliruka ua ukala jiko la nyasi la jirani yetu mjane. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Yule mama hakutugombeza, alitutazama tu. Tulimjengea jiko lingine kwa pesa za mbegu.

Tangu hapo mabua tunayafanya mbolea. Kama ni lazima kuchoma, tunaambia majirani kwanza, tunalima mstari kuzunguka pote, tunangoja upepo utulie, na hakuna kuondoka mpaka majivu yapoe mkononi. Tena kuna Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, inayokataza kuchoma nyasi au msitu usio wako bila ruhusa. Walio karibu na Ruma waisikie vizuri. Hiyo ni mbuga ya taifa tangu 1983, na ndiko korongo wa mwisho wa Kenya walikobaki.

Nyumbani, fyekeni nyasi hatua kumi au zaidi kutoka ukutani. Kuni zisikae chini ya paa. Jerikeni moja ibaki imejaa, na magunia ya kulowesha yawe karibu. Moto mdogo wa nyasi hupigwa kwa gunia bichi au tawi bichi, watu wakisimama pembeni au nyuma yake, si mbele. Lakini msikate tawi la ojuok kwenye ua! Utomvu wake huumiza macho vibaya sana.

Wenzetu wa Awendo wana miwa. Miwa iliyoungua hupoteza sukari haraka, kwa hiyo tunaelewa uchungu wa mtu kuona jasho lake likiwaka. Hata hivyo usiingie ndani ya miwa kuokoa. Humo huoni mbele wala nyuma. Afadhali njia kati ya mashamba zisafishwe mapema.

Moto ukishinda, acheni vitu. Fungueni ng'ombe na mbuzi, wataondoka wenyewe. Msikimbilie juu ya kilima, maana moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Nendeni kwenye shamba lililolimwa, uwanja mtupu, au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Funikeni pua kwa kitambaa kilicholoweshwa. Vaeni pamba, nailoni huyeyuka ikashika ngozi. Pigeni 999 au 112, lakini gari la zimamoto liko mbali, msikae kulingoja. Aliyeungua mwagieni maji safi ya baridi dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Si mafuta, si unga, si dawa ya meno.

Kuna jambo moja linatutia hofu kuliko yote. Siku ya soko mama anafunga kufuli, watoto wako ndani, naye arudi jioni. Tunajua kwa nini anafanya hivyo, hana wa kumwachia. Basi kikundi kimwachie mtu. Kila siku ya soko wawili wabaki kijijini kwa zamu, na watoto wakae kwao.

Kikao kijacho kila kikundi kije na orodha hiyo ya zamu, na jina la atakayembeba kila nyanya asiyeweza kutembea.