Tezi Dume: Mwanaume Asingoje Maumivu

Mazungumzo na wakazi wa kata kuhusu uchunguzi wa mapema



Katika baridi ya Juni na Julai, mzee wa Mufindi au wa Uporoto akiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo husema ni baridi. Baridi ikiisha, husema ni uzee. Miaka hupita kwa maneno hayo mawili, hadi siku mkojo unapoziba kabisa au mgongo unapomlaza kitandani, na watoto wakambeba kwenda hospitali.

Tezi dume ni kiungo kidogo cha kila mwanaume, kilicho chini ya kibofu na kuzunguka mrija wa mkojo. Umri unaposogea, tezi hiyo huweza kutanuka bila kuwa na saratani. Mkojo hutoka kwa udhaifu au kwa kukatikakatika. Hali hiyo hutibika. Saratani ni jambo jingine, nayo ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume nchini Tanzania. Hatari yake ni ukimya: mwanzoni mara nyingi haina dalili. Maumivu makali ya nyonga na mgongo huweza kuja baadaye, ugonjwa ukiwa umefika kwenye mifupa. Mkulima wa viazi wa Umalila hangoji shamba zima linyauke ndipo akague majani.

Wanaume wengi huzuiwa na simulizi za kidole. Ukweli ni kwamba uchunguzi huanza kwa mazungumzo na daktari, kisha damu huchukuliwa mkononi kwa kipimo cha PSA. Daktari akiona haja, huongeza uchunguzi wa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa. Huo hufanyika faraghani, huchukua muda mfupi, wala haupunguzi heshima ya mtu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

PSA ikiwa juu si hukumu. Maambukizi ya njia ya mkojo au tezi iliyotanuka tu huweza kuipandisha. Jibu la hakika hupatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya tezi na kuvitazama kwa darubini. Tena saratani nyingine hukua polepole mno, hata daktari huamua kuifuatilia bila kuitibu mara moja. Ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kuelezwa faida na mipaka ya kipimo kabla ya kupimwa.

Mzee Nelson Mandela aligundulika na saratani hii mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 83. Habari hiyo haikufichwa. Alitibiwa kwa mionzi kwa wiki saba, akaishi miaka 12 zaidi.

Mwenye miaka 50 na kuendelea anashauriwa kuzungumza na daktari kuhusu kupima, hata kama hajisikii vibaya. Mwenye baba au ndugu wa kiume aliyeugua aanze mapema zaidi, tangu miaka 45 au kabla. Mwenye damu katika mkojo asisubiri umri wowote. Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, hadi hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Kuchelewa kuna gharama. Safari ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 500 kutoka Iringa, na zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Ng'ombe huuzwa, mbolea ya msimu hukosekana, na mtoto husimamishwa shule.

Akina mama, ninyi ndio mnaosikia mlango ukifunguliwa usiku. Mzee akisema ni baridi, mshaurini kwa upole aende akapime, na ikiwezekana asindikizwe.