Haki bila daftari



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu, na najua wengine mnajiuliza mkutubi ana siasa gani. Nivumilieni kidogo.

Mie ni mkutubi wa chuo kikuu hapa Marekani. Chama chetu kilipokwenda kujadili mkataba mpya na wakubwa wa chuo, nilichaguliwa niwemo mezani. Wahadhiri ni wengi, sisi wakutubi tunahesabika. Tulipodai uhuru wa kitaaluma tukajibiwa: "Nyinyi mnaazimisha vitabu tu, uhuru huo wa nini?"

Jibu hilo si geni. Mwaka 2018 wakutubi wa University of California nao waliambiwa kifungu hicho hakiwahusu. Hawakunyamaza, na mkataba wao wa 2019 ukawa nacho. Lakini gharama ipo. Septemba 2016 Long Island University, tawi la Brooklyn, iliwafungia mlango walimu wapatao 400, wakutubi wakiwemo, wakakatiwa mishahara na bima ya afya. Walirudi kazini baada ya karibu wiki mbili, kwa mkataba wa zamani uliorefushwa.

Sisi kilichotusaidia ni makaratasi. Mkubwa akisema "hatujawahi kuahidi hilo," tunamfungulia mkataba wa nyuma, ukurasa na tarehe. Kuweka na kutafuta ndiyo kazi yetu.

Sasa nisemeje la mwisho? Usiku wa kufunga mazungumzo tuliambiwa: kifungu chenu mtapata, ila waacheni wakutubi wa mkataba wa muda. Tukakubali, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa. Aliyekuwa akituandikia kumbukumbu za vikao vyote alikuwa mmoja wa hao wa muda. Muhula uliofuata hakurudishwa kazini. Zile karatasi zilizotushindia, nyingi ni za mwandiko wake.

Nawaambieni haya kwa kuwa na nyumbani mambo ni hayo hayo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema na chama kinachotambuliwa. Lakini muulize ndugu yako aliyeko kazini: mkataba wako wa hali bora umewahi kuusoma? Nani anao? Na nani ameachwa nje yake?

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Na haki ni hivyo hivyo. Mie naongeza: tumtazame na anayelishika daftari.